Jambazi, Msaliti na Subira ya Mtazamaji

Filamu ya Andrew Dominik iitwayo The Assassination of Jesse James by the Coward Robert Ford ilitoka mwaka 2007, na tangu hapo watazamaji wake hawajapatana. Wapo wanaoihesabu miongoni mwa kazi bora kabisa za makauboi, na wapo wanaosema kuwa ni dakika 160 za usingizi. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza haikupata wateja: iligharimu takriban dola milioni 30, na mapato yake katika majumba ya sinema duniani yalikuwa kiasi cha nusu tu ya fedha hizo. Hata hivyo Brad Pitt, aliyeigiza Jesse James, alitunukiwa Venice mwaka huohuo tuzo ya mwigizaji bora wa kiume, na baadaye Casey Affleck, aliyeigiza Robert Ford, pamoja na mpiga picha Roger Deakins, waliteuliwa kuwania tuzo za Oscar.

Makala haya hayakusudii kuamua ugomvi huo kwa kuhesabu kura. Ninalotaka kulipima ni dai ambalo aghalabu husikika kwetu kila inapotajwa filamu ya namna hii, kwamba sanaa ya mwendo wa taratibu ni ya watu wengine, na kwamba hadhira ya Kiswahili haina subira nayo. Nalipima dai hilo nikiutazama Morogoro, mji uliokaa chini ya Milima ya Uluguru. Kama miji mingine ya Tanzania, Morogoro umelelewa na vibanda vya video ambamo filamu za kigeni hufasiriwa kwa sauti. Lakini iko sababu nzito zaidi. Mji huu ulianza kama ngome ya mtu ambaye wasafiri waliomwandika walimweleza kuwa mhalifu aliyeikimbia sheria. Habari za jambazi na umaarufu wake, basi, si ngeni mahali hapa.

Tuanze na lawama zenyewe. Ya kwanza ni kwamba filamu haina mapigano. Genge la akina James linateka garimoshi usiku mmoja wa Septemba 1881, na baada ya hapo hakuna tena unyang'anyi mkubwa. Kuna majira ya baridi, nyumba za mbao, watu wanaokula pamoja huku wakiogopana. Ya pili ni kwamba mwisho umetangazwa katika jina la filamu: atakayekufa ametajwa, atakayemwua ametajwa, na hata sifa ya mwuaji imetajwa. Ya tatu ni kwamba yupo msimulizi asiyeonekana ambaye mara nyingine hueleza jambo ambalo jicho limekwisha kuliona.

Lawama hizi zina asili yake. Watazamaji wa Afrika Mashariki walijifunza ukauboi kwa filamu za mbio. Majumba ya sinema ya Unguja na Pemba, kama yale ya bara, yalionyesha kwa miaka mingi makauboi wa Kimarekani na baadaye wale waliotengenezwa Italia, kama Django ya mwaka 1966. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, vijana wa Kinshasa wa miaka ya 1950 walijiita "Bills" kwa kumwiga Buffalo Bill, wakavaa na kutembea kama wale waliowaona kwenye pazia jeupe. Katika filamu hizo palikuwa na steringi na palikuwa na adui, na kanuni ilijulikana kwa kila mtoto: steringi hafi. Mtazamaji aliyekulia katika kanuni hiyo, akiwekewa filamu ambayo steringi wake ametangazwa kuwa maiti kabla hajaonekana, na ambayo adui wake ni kijana wa miaka ishirini mwenye haya, ana haki ya kuuliza amtazame nani.

Lakini kanuni ya filamu za mbio si kanuni pekee tuliyonayo, wala si kongwe kuliko zote. Tuichukue lawama ya msimulizi. Katika vibanda vyetu msimulizi ndiye aliyejaza ukumbi. Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alijipatia sifa nchini kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, akiwapa wahusika maneno na kuwaeleza watu yaliyokuwa yakitendeka mbele yao. Hakuna aliyemlaumu kwa kusema yanayoonekana. Watu walijua kwamba kuona ni jambo moja na kusimuliwa ni jingine, na kwamba raha huzaliwa hayo mawili yanapokutana. Msimulizi wa Dominik anafanya kazi iliyo karibu na hiyo: anayaweka matendo katika wakati uliopita, kana kwamba tunatazama jambo lililokwisha kuwa hadithi. Msikilizaji wa Lufufu ameandaliwa kuielewa sauti hiyo kuliko anavyodhani.

Lawama ya mwisho uliotangazwa ina jibu lenye uzito zaidi, nalo limo katika fasihi yetu wenyewe. Utendi wa Liyongo, uliotungwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 kutokana na masimulizi ya kale zaidi, ni habari ya shujaa anayewindwa na mtawala wa Pate, anayeishi porini, anayefungwa na kutoroka, na ambaye hawezi kuuawa na adui wa mbali. Anauawa na mwanawe. Kijana anaahidiwa cheo na binti wa mfalme, anamwuliza baba yake kinachoweza kumwua, anaambiwa kuwa ni sindano ya shaba kitovuni, na anamchoma akiwa usingizini. Waswahili walioisikiliza habari hii vizazi kwa vizazi waliujua mwisho wake. Hawakukusanyika ili kupata kujua kama Liyongo atakufa. Walikuja kusikia namna mtu wa ndani ya nyumba anavyokomaa kuwa mwuaji, na namna baba anavyolijibu swali ambalo hakika amelielewa.

Taharuki ya filamu ya Dominik ni ya namna hiyohiyo. Kikulacho ki nguoni mwako, na dakika zile ndefu zinazowachosha wengine ndizo zinazotuonyesha nguo ikishonwa. Robert Ford anakuja akiwa mpenzi wa jina la Jesse, amesoma vijitabu vya sifa zake tangu utotoni. Anadharauliwa, anachekwa mezani, anaogopa, anakwenda kuzungumza na wakuu wa serikali. Jesse naye anabadilika: anamwua mwenzake wa genge kwa shaka tu, anampiga mtoto ili aseme asichokijua, kisha anampa Ford bastola mpya kama zawadi. Asubuhi ya tarehe 3 Aprili 1882, mjini St. Joseph, Missouri, anavua mkanda wa silaha, anapanda juu ya kiti na kufuta vumbi kwenye picha ukutani, akiwa amewapa mgongo vijana wawili anaowashuku. Katika kioo cha picha anaiona bastola ikielekezwa kwake, wala hageuki. Mwenye kukumbuka jinsi Liyongo alivyomjibu mwanawe hatahitaji kuelezwa kimya hicho.

Kinachofuata baada ya kifo ndicho kinachowashinda wasiovumilia, nacho ndicho sehemu bora ya filamu. Liyongo alikufa amepiga goti kisimani na uta umevutwa, watu wakaogopa kwenda kuteka maji kwa siku kadhaa. Maiti ya Jesse inawekwa kwenye barafu na kupigwa picha, na watu wanazinunua picha hizo. Mwana wa Liyongo hakuyapata aliyoahidiwa. Alichukiwa na kufa kwa ugonjwa. Ford alipewa msamaha wa gavana na sehemu ndogo tu ya fedha zilizotangazwa, akazunguka na nduguye katika majukwaa ya maigizo akirudia kila usiku tendo lilelile mbele ya watu waliolipa ili kumwita mwoga. Nduguye alijiua mwaka 1884. Yeye mwenyewe alipigwa risasi mwaka 1892 huko Creede, Colorado, na aliyemwua naye akatafuta sifa kwa tendo hilo. Filamu ingekwisha pale Jesse anapoanguka, tungebaki na hadithi ya ushujaa. Kwa kuendelea inatupa swali lisilopendeza: umma unaomlaani msaliti ulikuwa wapi jambazi alipokuwa akiua?

Juu ya wepesi na uzito wa picha zenyewe, naona lawama inatokana na kudhani kwamba mandhari ni pambo. Mawingu yanapita juu ya mashamba ya nafaka. Taa ya garimoshi inapenya miti usiku. Kingo za picha zimefifishwa kama kumbukumbu ya mtu mzee. Mkaazi wa Morogoro hatazami wingu juu ya kilele cha Lupanga, kilichopita mita 2,000, kwa ajili ya kupumzisha macho. Analisoma, kwa kuwa mito inayonywesha mji hushuka kutoka Uluguru, na ukulima wa mabondeni hutegemea linalotendeka huko juu. Deakins anaomba jicho la aina hiyo: wingu lake linatuambia kuwa wakati unapita, na kwamba watu hawa wamebakiwa na mchache.

Pamoja na sifa hizo filamu ina kasoro, nayo si ya mwendo. Jesse James alizaliwa mwaka 1847 katika nyumba iliyomiliki watumwa. Mwaka 1864, akiwa kijana wa miaka kumi na sita, alijiunga na wapiganaji wa msituni waliopigania upande wa Kusini, yaani upande uliotetea utumwa, na sehemu kubwa ya umaarufu wake ilitengenezwa na magazeti yaliyoomboleza kushindwa kwa upande huo. Dominik anaigusa habari hii kwa maneno machache ya msimulizi na kuiacha. Uzuri wote ule, theluji yote ile, unamwangukia mtu ambaye huzuni yake ina asili ambayo hatuelezwi. Hapo mwendo wa taratibu hauchunguzi tena; unasitiri.

Na hapa ndipo Morogoro unapopata haki ya kusema. Kisabengo, anayetajwa kuwa mtu wa asili ya Kizigua, alikusanya watumwa waliotoroka, akajenga ngome chini ya Uluguru na kuishika njia ya misafara ya kwenda bara. Henry Morton Stanley, aliyepita mwaka 1871 baada ya kifo chake, alimweleza kama mtekaji watu aliyekimbia hukumu ya Sultani wa Zanzibar, hodari wa mwili na wa maneno. Aliukuta mji wa Simbamwene umezungukwa na ukuta wenye minara minne ya mawe pembeni, ukiwa na watu aliowakisia kuwa kati ya 3,000 na 5,000, na ukitawaliwa na binti wa Kisabengo. Aliporudi mwaka 1872 alikuta mafuriko yameubomoa sehemu.

Tazama, msomaji, jinsi mizani ilivyokaa. Mmoja alitoka katika nyumba ya wenye watumwa, akapata nyimbo, vijitabu, filamu nyingi na hatimaye hii iliyo nzuri kuliko zote. Mwingine aliwapa hifadhi waliotoroka utumwa, na huku inasemekana naye aliteka watu, na habari zake zimebaki kwa sehemu kubwa katika kurasa chache za msafiri aliyekuwa na haraka ya kufika Ujiji. Mtu wa namna hiyo hatoshi katika kanuni ya steringi na adui. Waliolala salama ndani ya ukuta wake walimwona kwa jicho moja, na waliokamatwa njiani kwa jingine. Atakayemtengenezea filamu kwa mbio na ngumi atampata shujaa wa bango au mwovu wa bango, nasi hatutajua kwa nini mtumwa mtoro alimfuata mtekaji watu hadi chini ya Uluguru na kumjengea ukuta.

Subira, kwa hiyo, hadhira yetu inayo; iliyomngoja Liyongo aanguke kisimani haiwezi kushindwa na dakika 160. Inachodai ni kwamba muda wake utumike kumpekua mtu hadi asili ya fedha yake, hofu yake na sifa yake. Kwa kipimo hicho Dominik amempekua Robert Ford kikamilifu, na Jesse James nusu. Kisabengo bado hajapekuliwa na yeyote.