Magabacholi: Neno na Mbegu Yake
Wengi tunadhani ufashisti huja na vifaru. La hasha! Huanza na msamiati, tena kwenye jukwaa huru. Baada ya vyama vingi kuruhusiwa mwaka 1992, Mchungaji Mtikila alivumisha maneno mawili: walalahoi na magabacholi. La kwanza, nakiri, lilisema kweli. Hata hapa Kawe watu walilala hoi. La pili likambebesha Mhindi lawama zote. Mbona Tanganyika Packers, kiwanda chetu kilichokufa, kilikuwa cha umma? Kule Rwanda redio RTLM iliwaita Watutsi mende. Mwaka 1994 mapanga yakafuata. Ndugu wahakiki, tusiishie kwenye riwaya. Tuulize: neno hili linaeleza njaa yangu, au linanitafutia wa kumpiga?