Meno ya Juu ya Mbega

Maisha ya mtu mkubwa yakisimuliwa, kinachoyaharibu ni usafi. Anazaliwa na nuru usoni, anakua na adabu, anatawala kwa haki, anazikwa kwa heshima. Msikilizaji keshasinzia zamani. Wasimulizi wa Korogwe na Handeni nawasifu kwa sababu wameiepuka balaa hiyo. Wana Mbega.

Huyu ndiye mwanzilishi wa ukoo wa Wakilindi, waliotawala Usambaa kutoka Vuga tangu karne ya 18. Utawala huo ulikuwepo, hilo halina ubishi. Maisha ya mwenyewe ndiyo yamepita midomo mingi, na kila mdomo umetia chumvi yake.

Mbega anatoka milima ya Nguu, na anaanza na mkosi: meno ya juu yametangulia kuota. Ni kigego, na mtoto wa namna hiyo hakuachwa akaishi. Yeye akaishi. Wazazi walipofariki, ndugu wakamnyima urithi kwa hoja ya meno hayo hayo. Hapa msimulizi hodari haelezi kitu. Anapandisha mdomo wa juu kwa kidole cha shahada, ufizi unaonekana, kisha anageuza shingo polepole mpaka kila aliyekaa kwenye benchi la kahawa apate zamu yake ya kutazama. Kibogoyo ndiye anayelipatia zaidi tendo hili.

Kisha wanaingia nguruwe. Mbega hana ng'ombe wala shamba. Ana mbwa na mikuki. Anaua nguruwe mwitu wanaofukua mashamba ya Wasambaa, nyama anawagawia, wao wanampa chakula, baadaye wake, mwishowe nchi nzima. Ufalme umesimama juu ya nyama ya nguruwe, na pale kwenye kahawa Korogwe wengi ni Waislamu. Nilimsikia kijana akimchokoza mzee: "Babu, si kitimoto hiyo?" Mzee akapiga funda la kahawa, akang'ata kashata, akatafuna mpaka ikaisha. "Mjukuu wangu," akasema, "mimi nasimulia. Sili."

Abdallah bin Hemedi, aliyeandika *Habari za Wakilindi*, naye alikuwa Mwislamu. Angeweza kuwageuza wale nguruwe kuwa swala, na nani angemkamata? Aliwaacha. Kwangu mimi uamuzi huo una thamani kuliko nasaba zote zilizomo kitabuni. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha 1974 juu ya ufalme wa Usambaa, aliichambua hadithi hii kipande kwa kipande: mwitu na kijiji, nyama na mazao. Uchambuzi ni mzuri, ila mwenye kahawa hauhitaji.

Wazungu nao waliwahi kuwa na ufundi huu wa kumtukuza shujaa asiye msafi, na mapadri wao wakaupiga vita. Karne ya 13, karibu na Lyon, Ufaransa, Mdominika Étienne de Bourbon aliwasikia akina mama wakiungama kwamba huwapeleka watoto wagonjwa kwa mtakatifu Guinefort. Akauliza ni nani huyo. Kumbe ni mbwa: alimuua nyoka aliyekuwa akimnyemelea mtoto mchanga, na bwana wake, alipoona damu, akadhani mtoto ameliwa, akamuua. Étienne akaamuru mifupa ifukuliwe na ichomwe, kisha akaketi akaiandika habari yote vizuri kabisa. Kama si yeye, tungemjuaje mbwa huyo? Akina mama waliendelea kwenda kwa karne nyingi.

Mbega hakupata adui wa aina hiyo. Waliompata ni wagombea. Tangu Wilaya ya Kilindi, yenye jina linalofanana na la ukoo wake, imegwe kutoka Handeni mwaka 2002, wadai wameongezeka. Mzigua mmoja wa Handeni alimwambia Msambaa aliyekuwa akingoja basi la Lushoto: "Mbega wetu sisi, nyie mlimwazima tu."

"Tulimwokota," Msambaa akajibu. "Nyie mlimfukuza, eti meno."