Jina na Mwaka katika Sarafu Zilizosagika: Uhakiki wa Hoja ya Ali bin al-Hasan

Wataalamu walioandika juu ya sarafu za Ali bin al-Hasan wa Kilwa hawatofautiani sana katika kulisoma jina lake. Mgogoro umo katika hatua ya kutoka kwenye jina hadi kwenye mwaka.

Sarafu za shaba za Kilwa hazina mwaka wala jina la mji. Anayeisoma iliyosagika ana msaada mmoja adimu: maneno ya upande mmoja hufuatana kwa vina na ya upande wa pili, hivyo silabi iliyosalia huweza kuongoza usomaji wa iliyofutika. Hata hivyo, majina Ali, al-Hasan na Sulaiman hujirudia katika ukoo, na kina hakimtengi babu na mjukuu.

Neville Chittick, kwa kutegemea matabaka ya Kilwa Kisiwani na Mafia, alimweka mtawala huyu mwishoni mwa karne ya 12. Hapo ndipo udhaifu ulipo. Senti yenye tundu ya mwaka 1922, ikiokotwa leo shambani Lagangabilili, hutaja mwaka wa kutengenezwa kwake, si wa kudondoshwa. Sarafu isiyo na mwaka hutuacha gizani zaidi.

Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu, Pemba, ilifukuliwa hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, baadhi zikiwa na jina hilohilo, pamoja na dinari za kigeni ambazo ya mwisho ni ya mwaka 1066. Mark Horton na wenzake wakairejesha nasaba hiyo hadi karne ya 11. Naikubali hoja yao, ila si kwa sababu ya 1066 peke yake. Mwaka huo unathibitisha tu kwamba hazina haikufukiwa kabla yake. Kinachoibeba hoja ni kukosekana kwa dinari za baadaye, na ushahidi wa kukosekana una uzito wake mahususi. Aidha, kwamba Ali wa fedha ya Pemba ndiye Ali wa shaba ya Kilwa ni hukumu ya mtafiti. Sarafu zenyewe hazisemi hivyo.

Ajabu ni kwamba Chittick aliijua hatari hii. Sarafu za Kirumi zilizodaiwa kuokotwa Bur Gao, kusini mwa Somalia, mwaka 1913 zilitambuliwa bila shida, lakini zilichanganyika na za Wamamluki wa Misri. Ni yeye aliyekataa kuzifanya ushahidi wa biashara ya kale.