Sifa ya Taraza

Nguo njema hujulikana pindoni. Asiyeizoea kazi hii hutazama katikati, ambako rangi ni tele na macho hushiba upesi. Lakini fundi, apewapo shuka au kilemba, huishika ncha kwanza, akaipitisha baina ya kidole gumba na cha shahada, akitafuta mahali mfumaji alipomalizia mshindio wake, kwani hapo ndipo uzi utakapo kuponyoka, na hapo ndipo subira ya mkono inapodhihirika.

Matamvua ya kikoi, ambayo wengi huyadhania kuwa ni madaha tu, asili yake ni nyuzi za mtande zilizosalia nguo ilipokatwa katika kitanda cha mfumaji, zikasokotwa na kufungwa ili mshindio usifumuke. Haja ilitangulia, uzuri ukaifuata. Taraza ndiyo latifu zaidi: ukanda mwembamba wa hariri, au wa uzi wa rangi, unaofumwa kwenye ncha ya nguo, na katika Unguja ya karne ya 19, nyingi katika nguo zilizoletwa na majahazi zilitiwa taraza na matamvua papo hapo mjini, kabla hazijavaliwa na waungwana au kufungwa mizigo ya bara.

Si haki basi kusema, kama wasemavyo baadhi ya watu, ya kuwa pwani hii ilikuwa mnunuzi tu wa kazi za wengine. Ibn Battuta, msafiri aliyefika Mogadishu mwaka 1331, alizikuta huko nguo zilizoitwa kwa jina la mji wenyewe, zikisafirishwa hadi Misri; katika magofu ya Kilwa vimechimbuliwa vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati, ndivyo walivyosokotea pamba; na Padri Monclaro, Mreno aliyepita katika karne ya 16, aliziandika kwa sifa nguo za hariri za Pate. Marekani, nguo ya pamba iliyoletwa kutoka Salem, Amerika, ilikuja baadaye sana, nyingi na rahisi, ikawapokonya wafumaji wengi riziki yao.

Lakini habari ninayoipenda kuliko zote ni ya Sofala, bandari ya kusini mwa pwani hii. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mwanzoni mwa karne hiyo ya 16, asimulia ya kuwa Waislamu wa mji ule walifuma pamba yao wenyewe, nyeupe, na kwa kuwa hawakuwa na rangi za kuitia, walizitwaa nguo za buluu zilizotoka Cambay ya Bara Hindi, nguo nzima, zilizokwisha kulipiwa, wakazifumua uzi kwa uzi, kisha wakauchanganya uzi ule na wao mweupe, wakafuma upya. Tafakari kazi hiyo: kuibomoa kazi ya bingwa wa ng'ambo bila kuukata uzi wake, na kuupa nafasi kitandani ubavuni mwa uzi wa nyumbani, hata zikatoka nguo za rangi ambazo wala Cambay wala Sofala peke yake isingaliweza kuzitoa, nazo, asema Barbosa, ziliwaletea dhahabu nyingi.