Heko kwa Wanafunzi wa Jukwaa Bagamoyo

Makofi ya onyesho huja mwishoni. Kazi yenyewe hufanyika kwenye mazoezi, na hiyo ndiyo ninayoipongeza. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa 1981 na sasa kikiitwa TaSUBa, kimelea vijana wanaoijua kazi hiyo kwa jasho.

Chukua tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyochapishwa 1969. Anayepewa nafasi ya Kinjeketile mwenyewe, mganga wa vita vya Maji Maji vya 1905, hawezi kukariri maneno tu. Lazima ajiulize: mtu aliyezama mtoni akatoka na ahadi ya maji, anatembeaje kesho yake? Anapoanza kuitilia shaka ahadi ambayo watu wameshaiamini, sauti yake itoke kifuani au ikwame kooni? Atajaribu hivi, mwongozaji akatae. Atajaribu vile, wenzake waseme bado hawajamwamini.

Naamini anayeigiza Bi Kinjeketile ana mzigo mzito zaidi. Hana hotuba za vita. Ana njaa na mume aliyejifungia ndani, na hayo lazima tuyaone mikononi mwake, anavyokaa, anavyomsikiliza jirani.

Kijana anayekubali kurekebishwa mbele ya wenzake, jioni baada ya jioni, mpaka mzee wa 1905 asimame mbele yetu, anastahili heshima tunayompa fundi yeyote stadi. Vijana, hongereni sana. Nawe msomaji, wakitangaza onyesho, nunua tiketi, fika mapema, uzime simu.