Figo Changa Zinavyoanza Kuchuja

Ndama anapozaliwa Yatta, kaunti ya Machakos, figo zake hukabidhiwa kazi ambayo kwa miezi tisa ilifanywa na kondo la nyuma la mama yake. Tumboni alikuwa akitengeneza mkojo, lakini taka za damu yake ziliondokea kwa mama. Kitovu kikikatika, msaada huo unakoma.

Kwanza hubadilika mtiririko wa damu. Mishipa ya figo iliyokuwa imebana hulegea, shinikizo la damu hupanda, na vichujio vidogo ndani ya figo hupata maji mengi zaidi ya kuchuja.

Mabadiliko hayo hupimwaje bila kumpasua mnyama? Kwa inulini, wanga utokao kwenye mizizi ya mimea kama dalia. Inapita kwenye vichujio bila kizuizi, na mirija ya figo hairudishi hata chembe wala haiongezi. Huingizwa polepole mshipani hadi kiwango chake katika damu kitulie, kisha mkojo hukusanywa. Kiasi kilichotoka kwa dakika moja kikigawanywa kwa kiwango kilichomo kwenye damu, jibu ni mililita zilizochujwa kila dakika. Njia hii ilipata nguvu miaka ya 1930 kupitia kazi ya Homer Smith huko New York, na bado ndiyo kipimo cha kulinganishia vingine.

Vipimo vya namna hiyo vilionyesha kwamba ndama huwahi sana: uchujaji wake hukaribia wa ng'ombe mkubwa ndani ya siku chache. Mwanakondoo naye huzaliwa idadi ya vichujio ikiwa imekamilika. Mtoto wa mbwa bado anaviunda wiki mbili hivi baada ya kuzaliwa. Mtoto wa binadamu aliyezaliwa miezi yake ikiwa imetimia anavyo vyote, ila huchukua mwaka mmoja hadi miwili kufikia kasi ya mtu mzima, ukilinganisha kwa ukubwa wa mwili. Ni kosa, basi, kuchukua matokeo ya mbwa na kuyavika ndama.

Hata protini kwenye mkojo wa ndama wa siku moja si lazima iwe ugonjwa: protini ndogo za dang'a huingia kwenye damu na kuvuka hadi kwenye mkojo.

Kwa mfugaji, umuhimu wa uchujaji huu unaonekana kwenye sindano. Dawa ya gentamisini hutoka mwilini kupitia vichujio hivyohivyo, na ikikawia huweza kuumiza figo. Kuhara kukikausha mwili, uchujaji hushuka na hatari huongezeka. Mfugaji wa Machakos, kabla mnyama mchanga hajadungwa, mweleze daktari wa mifugo umri wake kwa siku, uzito wake, na kama anahara.