Sulhu Kabla ya Jeraha Kupona: Uhakiki wa Karatasi Zetu za Ajali Ufipa

 

Tangu barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ilipotiwa lami, kazi iliyotokana na mkataba wa mwaka 2008 baina ya Tanzania na shirika la MCC la Marekani, uwanda wetu wa Ufipa umefunguka. Mahindi yanatoka Laela kwa fuso, na bodaboda zinaingia vijiji ambavyo zamani vilifikiwa kwa baiskeli. Pamoja na neema hiyo zimekuja ajali, na pamoja na ajali imekuja karatasi moja ambayo maimamu wengi wa huku wamewahi kuombwa kuitilia sahihi. Karatasi hiyo, inayoitwa ya sulhu, ndiyo ninayotaka kuihakiki.

Maneno yake hayatofautiani sana. Huandikwa siku ya tatu au ya nne baada ya ajali, mara nyingi pembeni ya kitanda cha hospitali. Hueleza kwamba fulani amegongwa na fulani, kwamba wazee wa pande mbili wamekaa, kwamba aliyegonga atalipa dawa na kutoa kiasi fulani cha pole, na kwamba aliyegongwa amesamehe yote na hatadai chochote tena maisha yake yote. Kisha huongezwa kuwa jambo lenyewe ni mipango ya Mungu. Chini kuna sahihi, alama ya dole gumba, na jina la imamu kama shahidi.

Nia yake siitii shaka. Huku kwetu Waislamu ni wachache, na mara nyingi aliyegonga na aliyegongwa ni Muislamu na jirani yake Mkatoliki, wanaolima mabonde yanayopakana na kuzikana. Wazee wanaokimbilia kuwapatanisha wanafanya jambo ambalo Qur'ani imelisifu katika Suratun-Nisaa, aya ya 128 na pia ya 114. Lakini si kila kilichoitwa sulhu huwa sulhu mbele ya sharia. Imamu Bukhari, katika Kitabu cha Sulhu ndani ya Sahihi yake, ameweka mlango mzima kuonesha kuwa mapatano yaliyojengwa juu ya dhulma hurudishwa. Akaleta humo kisa cha kibarua aliyezini na mke wa tajiri wake: baba yake alikuwa ameshatoa kondoo 100 na kijakazi ili mambo yaishe, na Mtume (s.a.w.) akaamuru mali ile irudishwe kwa mwenyewe. Pande mbili zilikuwa zimeridhiana, na ridhaa yao haikutosha.

Sasa tuitazame karatasi. Kasoro yake kubwa kuliko zote ni tarehe.

Imamu Ahmad na Daraqutni wamepokea kwa njia ya Amr bin Shuaib, kutoka kwa baba yake, kutoka kwa babu yake, kisa cha mtu aliyechomwa pembe gotini, akaja kwa Mtume (s.a.w.) kutaka kisasi papo hapo. Mtume akamwambia asubiri mpaka apone. Yule bwana akashikilia, akapewa alichotaka. Siku zikapita, akarudi akiwa kiwete, na hakupata kitu cha ziada, kwa kuwa alikatazwa haraka akaifanya. Baada ya hapo Mtume (s.a.w.) akakataza jeraha kulipiziwa kabla ya mwenyewe kupona.

Najua atakayenijibu kuwa Imamu Shafii aliliona katazo hili ni la kupendekeza tu, si la wajibu. Ni kweli, lakini maneno hayo ni ya kisasi, na sisi tunazungumzia mali. Majeraha mengi ya bodaboda ni mifupa iliyovunjika, na mfupa uliovunjika katika madhehebu yetu hauna kiwango maalumu, bali una hukuma. Maana yake, mtu hupimwa alivyokuwa mzima na alivyo sasa, ikatazamwa kimepungua nini, kisha uwiano huo ukachukuliwa katika diya. Imamu Nnawawi ameandika wazi katika Minhaji kuwa upimaji huo hufanywa baada ya jeraha kufunga. Basi karatasi ya siku ya nne imepima nini? Mfupa wa paja huchukua miezi kuunga. Wapo unaowaunga vizuri, na wapo wanaobaki na mguu mfupi au goti lisilokunja. Kwa mkulima wa Ufipa anayeinua matuta ya ntumba kwa jembe la mkono, goti lisilokunja maana yake ni kukodi vibarua kila msimu au kuacha shamba.

Kipengele cha pili ni kile cha kusamehe yote. Wanafunzi waliofika Babu Dhamani katika Minhaji wanakumbuka kuwa kumsamehe mtu haki isiyojulikana kiasi chake ni batili katika kauli mpya ya Imamu Shafii, na Imamu Nnawawi akavua ngamia wa diya peke yao. Nimesikia mmoja akiushika uvuaji huo kuihalalisha karatasi yetu. Hakusoma sharehe. Ngamia wa diya idadi yao inajulikana na umri wao unajulikana. Kisichojulikana ni sifa zao tu, na kwa kuwa hilo limevumiliwa pale wanapothibiti katika dhima ya mkosaji, likavumiliwa pia wanaposamehewa. Mguu ambao bado umo ndani ya plasta hauna idadi wala umri wa kitu chochote. Mwenyewe hajui anasamehe nini, wala daktari hajui.

Na kama majeruhi ni mtoto, mjadala hauna haja ya kurefushwa: haki ni mali ya mtoto, na walii hana ruhusa ya kuitoa bure, hata akiwa baba mzazi.

Nije kwenye hiyo pole. Katika barua ya Mtume (s.a.w.) kwa watu wa Yemen aliyopewa Amr bin Hazm, ambayo wanazuoni wameipokea kwa kukubali ingawa sanadi yake imezungumzwa, diya ya nafsi ni ngamia 100, mguu mmoja ni 50, kila kidole ni 10, na jino ni 5. Sayyidna Umar (r.a.), ngamia walipopanda bei, alisimama akawapangia watu upya kulingana na mali zao: wenye dhahabu dinari 1,000, wenye fedha dirhamu 12,000, wenye ng'ombe 200, wenye kondoo 2,000. Amepokea Abu Daud. Kwa kipimo hicho cha ng'ombe, mguu uliokatwa ni ng'ombe 100 na kidole kimoja ni 20. Sisi tunakaa katika mkoa wa mifugo. Msomaji anayejua bei ya mnadani atakokotoa mwenyewe, kisha alinganishe na pole aliyoshuhudia ikihesabiwa juu ya shuka la hospitali.

Sisemi kijana wa bodaboda atozwe ng'ombe 100. Mahakama za Bara hazihukumu kwa diya. Sharia ya Kiislamu inatumika katika ndoa, talaka, mirathi na wakfu, na madai ya majeraha huenda kwa sheria ya kawaida ya madhara. Na hata katika fiqhi, diya ya kosa lisilokusudiwa haibebwi na mtu mmoja, hubebwa na aaqila wake kwa miaka 3. Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa, katika kikao cha Brunei mwaka 1993, iliamua kuwa ajali za barabarani zinaingia katika hukumu za jinai, nyingi zikiwa za makosa yasiyokusudiwa, na dereva ni mdhamini wa madhara aliyoyasababisha kwa kosa lake, isipokuwa kwa nyudhuru chache zinazojulikana. Katika kikao cha Dubai mwaka 2005 ikalitazama suala la aaqila wa zama hizi, ikazikubali bima za kiislamu na mifuko ya kusaidiana pale ukoo usipokuwepo wa kubeba.

Kwetu kuna sheria ya bima ya vyombo vya moto, Sura ya 169, inayomlazimu mwenye chombo kuwa na bima ya mtu wa tatu. Baadhi yetu humkataza majeruhi kuidai kwa hoja kwamba bima ya biashara ni haramu. Hili limechanganywa. Mwenye mkataba ni mwenye pikipiki. Majeruhi hakuingia mkataba na mtu. Ana haki kwa aliyemdhuru, na anayelipa kwa niaba yake analipa deni. Karatasi ya sulhu huja kuikata haki hiyo bila ya mwenyewe kujua, kwa maneno matatu: sitadai tena milele. Wala haraka hiyo haina sababu kisheria. Sheria ya Ukomo wa Muda imeweka miaka 3 kwa madai ya namna hii, muda ambao mifupa mingi inakuwa imeshaunga au imeshakataa. Utingo au dereva wa fuso aliyeumia kazini ana mlango mwingine, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza mwaka 2015.

Yamebaki yale maneno ya mipango ya Mungu. Kila Muislamu anaamini kadari. Lakini Suratun-Nisaa aya ya 92 imetaja kuua kwa bahati mbaya, na ndani ya aya hiyo hiyo ikawajibisha diya kukabidhiwa kwa wenyewe, isipokuwa wao waitoe sadaka. Hakuna aliyesoma aya hiyo akaelewa kuwa kadari imefuta malipo. Na sadaka hutoka kwa mwenye mali akijua anachokitoa. Imamu hana cha kumtolea.

Sababu ya haya naiona katika ratiba ya madrasa zetu. Safinatun-Najaa haina mlango wa jinai. Matni ya Abu Shujaa unao, lakini wengi hufunga kitabu baada ya nikahi, wakisema hukumu hizo hazitekelezwi hapa. Kisha mwanafunzi huyo huyo anakuwa imamu Matai au Namanyere, na karatasi inaletwa kwake kabla hata hajavua kanzu ya Ijumaa.

Ikiletwa, aikatae sentensi ya mwisho na aandike nyingine badala yake: kwamba aliyegonga anatoa kiasi hiki kwa ajili ya matibabu na chakula cha nyumbani kwa mgonjwa; kwamba fomu ya polisi, PF3, imechukuliwa na namba ya bima imenakiliwa; na kwamba pande mbili zitakaa tena baada ya daktari kuandika kuwa jeraha limefunga na limeacha nini. Siku hiyo majeruhi akitaka kusamehe, asamehe, na ujira wake uko kwa Mola wake kama ilivyotajwa katika Suratul-Maida aya ya 45.

Wallahu aalam.